Mambo ya kuzingatia kabla ya marafiki kuabiri meli ya kitalii kwa mara ya kwanza

MAJI ya mito Rupingazi, Thuci na Kathita huanzia katika miteremko ya Mlima Kenya, huingia Mto Tana na hatimaye kumwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Wengi wa wakazi wa Embu na Meru wanaoyatumia maji hayo kila siku hawajawahi kuyafuata hadi yanakoishia. Ndiyo maana vikundi vya marafiki kutoka maeneo hayo vinapoanza kuchanga fedha kwa ajili ya safari ya baharini, huwa na shauku nyingi lakini mwongozo haba. Mtoto wa Lamu hufunzwa adabu za chombo na babu yake. Mtoto wa Runyenjes au Nkubu hana wa kumfunza.

Safari ya meli haifanani na ya basi. Abiria wa matatu asiporidhishwa na mwendo wa dereva anaweza kuteremka Chuka na kungojea gari jingine. Aliyeko melini hana kituo cha kushukia. Akigundua kwamba fedha hazitoshi, kwamba viza yake ina kasoro au kwamba chombo kimejaa kupita kiasi, mara nyingi huwa amechelewa. Kwa hivyo, mengi yanayoamua iwapo safari itakuwa ya furaha au ya majuto hufanyika nchi kavu, majuma na miezi kabla ya nanga kung'olewa.

Kutambua aina ya safari

Neno 'meli' hutumiwa kwa vyombo vilivyo mbalimbali. Kuna meli kubwa za kitalii ambazo ni mfano wa hoteli inayoelea: zina vyumba vya kulala, mikahawa, vidimbwi vya kuogelea na kumbi za burudani, na huzuru bandari kadhaa kwa muda wa siku tatu hadi majuma kadhaa. Kuna feri na boti za kasi za kuvusha abiria, kama zile zinazotoka Dar es Salaam hadi Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Aidha, kuna mashua na majahazi ya matembezi ya siku moja, kwa mfano yanayotoka Shimoni kwenda Wasini na kwenye hifadhi ya baharini ya Kisite.

Bandari ya Mombasa ina jengo maalum la kupokea abiria wa meli za kitalii, na vyombo hivyo huzuru pwani hiyo hasa kati ya Novemba na Aprili. Katika miaka ya 1990 meli Royal Star ilikuwa ikifanya safari zake kutoka bandari hiyo. Hata hivyo, meli nyingi zinazotia nanga Mombasa siku hizi huwa zimo njiani, na abiria wake wamepandia kwingine. Mkenya anayetaka safari ya siku kadhaa aghalabu hulazimika kwanza kusafiri kwa ndege hadi bandari ya kuanzia, iwe Durban, Cape Town, Dubai au Barcelona. Nauli ya ndege hiyo haimo katika bei ya meli isipokuwa mkataba useme hivyo.

Kwa wasiowahi kukanyaga chombo chochote cha baharini, ni busara kuanza na safari fupi. Saa mbili za kwenda Unguja au nusu siku ya kwenda Wasini zitamwonyesha kila mmoja jinsi mwili wake unavyoyapokea mawimbi, kabla hajalipia siku saba ambazo hataweza kuzikatiza.

Majira nayo yana uzito wake. Pepo za kaskazi, kati ya Desemba na Machi, huandamana na bahari iliyotulia kiasi. Pepo za kusi huvuma kuanzia takriban Aprili hadi Septemba, na miezi ya Juni, Julai na Agosti huwa na mawimbi makubwa. Kusini zaidi, katika maji ya Msumbiji, Madagaska na Mauritius, msimu wa vimbunga ni kati ya Novemba na Aprili, na nahodha anaweza kubadilisha njia au kuiruka bandari bila ya abiria kurejeshewa nauli.

Makubaliano ya maandishi

Urafiki si mkataba. Watu waliosoma pamoja au wanaoketi katika chama kimoja huona haya kudaiana maandishi, na haya hiyo ndiyo huzaa ugomvi. Kabla ya shilingi ya kwanza kuchangwa, kikundi kinafaa kuandika mambo yafuatayo: kila mmoja atatoa kiasi gani na kwa tarehe zipi, nani atatunza fedha na katika akaunti inayohitaji sahihi za watu wangapi, mwanachama akijiondoa atarejeshewa nini, na nani atalala na nani.

Suala la vyumba ni zito kuliko linavyoonekana. Bei inayotangazwa na kampuni za meli huwa ni ya mtu mmoja kwa sharti kwamba watu wawili watalala chumba kimoja. Kikundi cha watu watano kitakuwa na mtu anayebaki peke yake, naye anaweza kutozwa nyongeza inayokaribia au kufikia nauli ya mtu wa pili. Hali ni hiyo hiyo rafiki mmoja akijiondoa dakika za mwisho, kwani anayebaki chumbani ndiye huulizwa nyongeza. Kikundi kiamue mapema iwapo mzigo huo utabebwa na mtu mmoja au na wote.

Tarehe za malipo pia zahitaji hesabu. Kampuni nyingi hutaka malipo yote yakamilishwe kati ya siku 60 na 90 kabla ya safari, na baada ya hapo anayejiondoa hupoteza sehemu kubwa ya fedha zake au zote. Wakulima wa majani chai wa Embu na Meru hupokea bonasi yao takriban Oktoba. Anayeitegemea bonasi hiyo kulipia safari ya katikati ya Desemba atajikuta makataa yamempita au yanamfikia kabla ya fedha kuingia. Kwake yeye, safari ya Februari au Machi ina nafuu zaidi.

Gharama zisizotajwa katika tangazo

Kwa kawaida nauli ya meli ya kitalii hujumuisha malazi, chakula katika mikahawa mikuu na burudani nyingi. Haijumuishi vileo na mara nyingi hata soda, intaneti, mikahawa ya kifahari, matibabu na matembezi ya bandarini. Bahashishi ya wahudumu nayo haiachiwi hiari ya abiria kama ilivyo katika hoteli nyingi za hapa nchini. Kampuni nyingi kubwa hutoza kati ya dola 15 na 20 kwa kila mtu kwa siku, yaani kati ya dola 105 na 140 kwa safari ya siku saba.

Noti hazitumiki sana melini. Abiria hupewa kadi ambayo hufungua mlango wa chumba na pia kununulia bidhaa, na deni hukatwa mwishoni kutoka kwa kadi ya benki au amana aliyoweka. Urahisi huo umewaponza wengi, kwa kuwa mtu hahisi fedha zikimtoka mkononi. Inafaa kila msafiri awe na akaunti yake, na asikubali kadi yake ya benki itumike kama dhamana ya kikundi kizima.

Bei nyingi huwa kwa dola. Mnamo Januari 2024 dola moja ya Marekani ilipita Sh160, lakini kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi Sh130 hivi. Kwa nauli ya dola 1,000, tofauti hiyo ni takriban Sh30,000. Wanaoweka akiba kwa shilingi wanafaa kutenga ziada ya kukabili mabadiliko ya aina hiyo.

Kumchunguza wakala

Kampuni za utalii nchini Kenya hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Kikundi kiombe kuiona leseni ya mwaka husika na kuithibitisha na mamlaka yenyewe. Malipo yafanywe kwa akaunti ya benki au nambari ya malipo yenye jina la kampuni, wala si kwa simu ya mtu binafsi, hata kama mtu huyo ni jirani au muumini wa kanisa moja.

Baada ya malipo ya kwanza, wakala anapaswa kutoa nambari ya uhifadhi iliyotolewa na kampuni ya meli. Wanachama waitumie nambari hiyo kuwasiliana na kampuni moja kwa moja ili kuhakikisha kwamba majina yao yamo. Wakala anayesitasita kuitoa, au anayedai kwamba nafasi zitakwisha jioni hiyo hiyo, aepukwe.

Pasipoti, viza na chanjo

Maombi ya pasipoti hufanywa kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen, kisha mwombaji hujiwasilisha kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Wakazi wa Embu na maeneo jirani wanaweza kuhudumiwa katika ofisi ya uhamiaji iliyoko mjini Embu badala ya kwenda Nairobi. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na angalau miezi sita kabla ya kumaliza muda wake.

Tangu Januari 1, 2023, Wakenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka, jambo linalorahisisha safari zinazoanzia Durban au Cape Town. Ulaya ni tofauti. Meli inayotoka Barcelona ikapitia Tunis na kurejea Italia huwa imetoka katika eneo la Schengen na kuingia tena, na mwenye viza ya kuingia mara moja tu hataruhusiwa kurudi. Anahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Kwa jumla, msafiri anapaswa kutimiza masharti ya kila nchi ambayo meli itatia nanga, hata asipokusudia kushuka.

Kwa safari ya Zanzibar, ikumbukwe kwamba utaratibu wa kutumia kitambulisho cha taifa ulioanzishwa na Kenya, Uganda na Rwanda mwaka 2014 haukuihusisha Tanzania. Aidha, kwa kuwa Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, cheti cha chanjo hiyo huulizwa mara kwa mara. Cheti huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 hutambuliwa kwa maisha yote ya aliyechanjwa.

Miraa na muguka

Hili ni onyo linalowahusu wasafiri wa Meru na Embu kuliko wengine wote. Miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere ni mazao halali nchini Kenya, na kwa wengi si jambo la ajabu kutia kifurushi mfukoni kwa ajili ya safari ndefu. Ng'ambo ya mpaka mambo hugeuka. Sheria ya Tanzania inaihesabu mirungi, kama inavyoitwa huko, kuwa dawa ya kulevya. Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013 na Uingereza Juni 2014. Imepigwa marufuku pia katika Milki za Kiarabu na Saudi Arabia.

Hata ndani ya Kenya pamekuwa na mvutano. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza marufuku dhidi ya muguka, kisha Mahakama Kuu mjini Embu ikayasimamisha kwa muda. Kwa anayepanda meli au kuvuka mpaka, kanuni ni moja: asibebe hata shina moja, na akague mifuko ya koti alilolivaa nyumbani. Vilevile asikubali kubebea mtu kifurushi ambacho hakukifunga mwenyewe, hata kama anayemwomba ni mwanachama wa kikundi.

Afya

Kuchafukwa na moyo kwa sababu ya mawimbi si dalili ya udhaifu. Chumba kilicho katikati ya meli na karibu na usawa wa maji huyumba kidogo kuliko cha juu au cha mbele. Dawa za kuzuia kichefuchefu hufanya kazi vyema zikimezwa kabla ya safari, wala si baada ya kutapika kuanza. Husaidia pia kula chakula chepesi, kutafuna tangawizi na kuelekeza macho kwenye upeo wa bahari.

Wenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa mwingine wa kudumu wabebe dawa za kutosha pamoja na za siku kadhaa za ziada, na waziweke katika mkoba wa mkononi. Kampuni nyingi haziwakubali wanawake watakaofikisha majuma 24 ya ujauzito kabla ya safari kwisha. Daktari wa meli hulipwa, na gharama ya kumsafirisha mgonjwa kutoka baharini kwa helikopta au kwa ndege ni kubwa mno, kwa hivyo bima ya safari inayotaja uokoaji huo waziwazi ni ya lazima.

Magonjwa ya kuambukiza huenea upesi watu wengi wanapoishi mahali pamoja. Februari 2020, katika meli Diamond Princess iliyowekwa karantini Yokohama, Japani, zaidi ya watu 700 kati ya takriban 3,700 waliambukizwa virusi vya corona. Kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka msalani ndiyo kinga ya kwanza, hasa dhidi ya maradhi ya kuhara na kutapika ambayo huzuka melini mara kwa mara.

Saa ya kwanza melini

Januari 13, 2012, meli Costa Concordia iliyokuwa na watu zaidi ya 4,200 iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia. Watu 32 walifariki. Mamia ya abiria waliopanda siku hiyo hawakuwa wamefanyiwa zoezi la dharura. Kutokana na mkasa huo, kanuni za kimataifa zilibadilishwa na tangu Januari 1, 2015, zoezi hilo hufanywa kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Si wakati wa kupiga picha. Abiria ajue mahali pake pa kukusanyikia, alivae jaketi la kuokolea maisha kwa mikono yake mwenyewe, na ahesabu milango kutoka chumbani hadi kwenye ngazi. Ishara ya dharura ni milio saba mifupi ikifuatwa na mmoja mrefu.

Mwezi uliofuata, Februari 27, 2012, meli Costa Allegra ilishika moto katika chumba cha mitambo ilipokuwa ikielekea Ushelisheli. Hakuna aliyefariki, lakini abiria walikaa siku kadhaa bila umeme, hadi chombo kilipovutwa na meli ya uvuvi ya Ufaransa hadi Mahé. Tochi ndogo ni mzigo mwepesi wenye thamani kubwa.

Katika vyombo vidogo, hatari kuu ni msongamano. Feri ya Mtongwe ilipozama Mombasa mnamo Aprili 29, 1994, watu 272 walikufa. Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba na kuua zaidi ya watu 200. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, ambapo zaidi ya watu 220 walifariki; kivuko hicho kilikuwa cha kubeba watu 101. Katika mikasa yote mitatu, chombo kilikuwa kimepakia kupita uwezo wake.

Hapa ndipo urafiki unapoweza kuwa hatari. Mtu aliye peke yake akiona chombo kimejaa huenda akarudi nyuma. Aliye na wenzake kumi wanaocheka huogopa kuitwa mwoga, akapanda ilhali moyo wake unakataa. Dawa yake ni sharti moja ambalo kikundi kinafaa kulipitisha nyumbani, kabla ya tiketi kununuliwa: mmoja akisema hapandi, wote hawapandi, na hakuna atakayemlaumu kwa muda au fedha zilizopotea. Sharti hilo lihusu pia ukosefu wa majaketi, nahodha anayenuka pombe na bahari iliyochafuka.

Bandarini na safarini

Kutoka Embu hadi Nairobi ni kilomita 120 hivi, na kutoka Meru ni takriban 225. Reli ya kisasa iliyozinduliwa mwaka 2017 imefupisha safari ya kutoka Nairobi hadi Mombasa, lakini ajali moja ya barabarani inaweza kumchelewesha msafiri kabla hajafika kituoni. Inafaa kufika katika mji wa bandari siku moja kabla.

Meli haimngojei aliyechelewa. Abiria anayeshuka kutembea hupewa saa ya kurudi, na asiporudi meli huondoka, naye hujigharamia hadi bandari inayofuata. Saa ifuatwe ni ya meli, kwani inaweza kutofautiana na ya mjini. Kila mmoja abebe nakala ya pasipoti na nambari ya mwakilishi wa meli bandarini. Ikiwa kikundi kitagawanyika, watu watembee wawili wawili.

Simu nazo zina mtego wake. Mbali na pwani, simu inaweza kujiunga na mtandao wa setilaiti wa meli ambao hutoza ghali mno. Ni vyema kuizima mitandao ya simu kabla ya chombo kung'oa nanga, na kukubaliana mahali na saa za kukutana badala ya kutegemea jumbe.

Mwisho, orodha ya majina ya wasafiri wote, nambari zao za pasipoti, jina la meli, ratiba na nambari ya bima iachwe kwa mtu mmoja wa kuaminika nyumbani. Wazee wa pwani husema kwamba maji usiyoyafika hujui wina wake. Kikundi kitakachoketi Embu au Meru na kuyajibu maswali haya yote kabla ya kulipa kitakuwa kimeupima wina huo kingali nchi kavu, mahali ambapo kubadilisha nia hakumgharimu mtu maisha yake.